KONA YA FAMILIA: "Ndiyo" yako ina maana gani?

 

Hapa Nyarugusu tumejifunza zamani kwamba Kiswahili ni kimoja lakini midomo ni mingi. Mama wa kutoka Fizi akisema, "Napeleka mtoto kwa munganga," anaenda hospitali kwa daktari. Mwenyeji wetu Mtanzania anasikia mganga wa kienyeji, anaanza kumgombeza: "Mtoto ana homa, halafu unampeleka kwa mganga?" Wote wawili wanamwonea huruma mtoto, na bado wanagombana! Hayo huisha kwa kicheko. Lakini kuna mahali ambapo neno moja halichekeshi: kwenye mahojiano.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Mhoji, mgeni kutoka ng'ambo, aliuliza kupitia mkalimani: "Huna mtoto mwingine?" Nikajibu, "Ndiyo." Sisi tukisema hivyo tunakubali maneno ya aliyeuliza: ndiyo, sina. Mkalimani akatafsiri "ndiyo" peke yake. Kumbe kwa Kiingereza, asiye na mtoto mwingine hapo hujibu "hapana", na Kifaransa cha shuleni kwetu Kongo ni hivyo hivyo. Mhoji akaandika, kisha akauliza: "Anaitwa nani? Yuko wapi?" Jasho likanitoka. Nilipokataa, nikaonekana nageuza maneno. Bahati nzuri aliuliza tena polepole, tukaelewana. Je, kama angefunga faili?

Tangu siku ile swali la namna hiyo silijibu kwa neno moja. Nasema sentensi nzima: "Sina mtoto mwingine," au "Ninaye, anaitwa fulani." Hata watoto nyumbani tunawazoeza. "Hujala?" "Sijala, mama."

Jambo la pili ni neno "mtoto". Kwetu, mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na baba mdogo ni baba. Hakuna uongo hapo. Ila fomu inataka kujua nani alimzaa nani. Leo ukisema "mwanangu", kesho ukasema "wa marehemu kaka yangu", anayesoma faili anaona habari mbili zisizolingana. Sema yote mara moja: "Alizaliwa na kaka yangu, namlea mimi tangu ana miaka miwili." Kueleza hivyo si kumkana mtoto.

Lakini jamani, mweleze mtoto mwenyewe kwanza, nyumbani, mkiwa mmetulia. Asije akasikia mbele ya mgeni kwamba anayemwita mama siye aliyemzaa. Swali la fomu utalijibu kwa dakika moja; la mtoto huyo utalijibu miaka mingi.

Mwisho, usiitikie kwa adabu tu. Kwetu kumwitikia mkubwa "ndiyo, ndiyo" ni heshima, maana yake "nakusikia". Mgeni anadhani umekubali. Kama hukuelewa, sema: "Sijaelewa, naomba urudie." Na kama hamwelewani na mkalimani, sema hapo hapo, kabla ya kutia sahihi. Hiyo si utovu wa adabu.

Basi leo jioni, mkishamaliza kula, jaribuni: kila mmoja aeleze yeye ni nani kwa mwenzake humo nyumbani. Msishangae mkikuta majibu hayafanani. Afadhali myalinganishe hapo.

Tukutane mwezi ujao. Amani iwe nyumbani mwenu.