Wazee Wenzangu, Tuwabebe Njiti

Mabibi na mababu, nawaomba vifua vyenu.

Mjukuu wetu alizaliwa njiti, hata kilo moja na nusu hakufika. Wodini walimlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, nepi na kofia tu, wakamfunga kwa kanga. Ndiyo matunzo ya kangaruu, yaliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, Dkt. Edgar Rey Sanabria alipoelemewa na vichanga huku mashine za joto zikiwa chache. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hivyo joto humtoka upesi. Kifua cha mtu humrudishia.

Wapo wanaodhani hiyo ni tiba ya wasio na mashine. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ukachapishwa 2021, ulionyesha kwamba kumbeba njiti mara tu anapozaliwa, bila kungoja hali yake itulie, kulipunguza vifo kwa robo hivi. Mwaka uliofuata shirika likashauri abebwe saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa 8 hadi 24! Mama amejifungua juzi, pengine kwa upasuaji. Ana mshono, anakamua maziwa usiku na mchana, naye anataka kuoga, kula na kulala. Baba karudi kwenye bodaboda yake, maana nauli na dawa zinamsubiri. Nani amebaki? Sisi tunaoshinda barazani na vikombe vya kahawa.

Najua kinachotukwamisha. Bibi upendo wake uko mikononi: atamkanda mzazi, atapika mtori, atafua nepi. Yote mema. Ila humo humo hupenya kijiko cha maji ya sukari, au uji mwepesi eti mtoto analia njaa, na maziwa ya kwanza ya njano humwagwa kwa kuitwa machafu. Hayo tuyaache. Yale ya njano ndiyo kinga yake ya kwanza, na kwa miezi sita maziwa ya mama yanamtosha, maji hayahitaji. Nasi mababu tunakwamishwa na aibu. Mwanamume na kichanga kifuani! Mimi nimeitwa yaya. Waseme tu, yaya hulipwa, mimi napumuliwa shingoni bure.

Muuguzi atakuonyesha: mtoto awe wima, kichwa kimegeukia upande, kidevu kimeinuka kidogo pumzi isizibe, miguu imekunjwa kama ya chura. Mwenye mafua au kikohozi asisogee, na mvuta sigara vilevile. Mama akisema basi, ni basi, hata kama wewe ndiye uliyemlea yeye.

Wakuu wa wodi, nanyi nina ombi kwenu. Msituhesabu kuwa wageni wa saa ya kuona wagonjwa. Tuwekeeni kiti cha kuegemea kando ya kitanda cha mzazi, mtufundishe, mtupe zamu.

Na wewe mwenye binti au mkaza mwana mjamzito, usingoje uchungu uanze. Njiti hawapigi hodi. Msindikize kliniki, muulize muuguzi namna ya kufunga kanga. Kwenye mkoba wa kujifungulia ongeza kanga mbili safi na kofia ndogo ya sufu, pamoja na shati lako moja lenye vifungo mbele.