Nani kauandikia Msimbazi dozi?

SHUBIRI YA WIKI
Na Mzee Shubiri

Wiki hii nilipanga kuwashukia wapiga debe wa Segerea Mwisho, wanaokuvuta mkono mpaka unajikuta umekaa kwenye gari la Gongo la Mboto wakati wewe safari yako ni Kariakoo. Nimeahirisha. Wapiga debe hawaendi popote, nitawakuta. Niliyoyaona Jumanne jioni bondeni hayangoji, maana hata ninapoandika hapa yanasafiri na maji.

Nilikuwa natoka kwa fundi viatu, nikashika njia ya mkato inayopita juu ya lile korongo letu linaloteremka hadi Mto Msimbazi. Wingu limefunga, kila mtu anakimbilia kwake. Pembeni ya korongo limeegeshwa guta, na kijana anashusha viroba. Nikadhani ni taka za kila siku, nikajiandaa kugomba kidogo tu, kwa kadiri umri wangu unavyonidai. Kiroba cha kwanza kikapinduliwa. Zikamwagika chupa za dawa ya maji ya watoto, karatasi za vidonge, makopo meupe ambayo hata hayajafunguliwa, na vidonge vya rangi mbili vikatapakaa kwenye tope. Vingine vililainika palepale kwa unyevu, gamba likaachia, unga ukatoka. Kuku wa mtu akasogea, akadonoa kimoja, akatafakari, akadonoa cha pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamwaga nini hapa?"

"Dawa. Zimeekspaya."

"Za nani?"

"Za bosi." Akanyoosha kidole kuelekea barabara ya lami. "Ila usihofu mzee, siyo sumu. Dawa inatibu."

"Itamtibu nani huko chini?"

Akautazama mto wetu mweusi, akanijibu bila hata kutabasamu: "Si huo mto wenyewe. Kwani hauumwi?"

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya mazingira, yenye mabango na kofia za bure, na sijasikia uchambuzi wa Msimbazi ulionyooka kama ule. Ndiyo maana niliudhika mara mbili.

Niseme mapema, ili asiyenipenda afungue ukurasa wa michezo: kosa si la kijana wa guta. Yeye kapewa buku tano na kuambiwa "kamwage". Kosa ni la nchi nzima kuamini kwamba kazi ya dawa inaisha ikishauzwa. Msimamo wangu ni huu: anayeuza dawa alazimishwe kuipokea ikirudi, iwe nzima au nusu, iwe imepitwa na muda au mgonjwa kapona kabla ya kuimaliza. Mengine yote ni semina.

Nikapanda hadi dukani. Mwenye duka ni mama mwenye heshima zake, koti jeupe limepigwa pasi, cheti kimetundikwa ukutani. Nilipomweleza nilikotoka hakubisha, hakukasirika. Alinipa kiti.

"Mzee wangu, utaratibu naujua," akasema, na kweli aliujua. Akanihesabia kwa vidole: unaorodhesha dawa zote zilizoharibika, unaiandikia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, mkaguzi anakuja kuhakiki, zinapelekwa kuteketezwa mbele ya maofisa, unapewa hati. "Na gharama zote ni za mwenye dawa. Zangu ni viroba vitatu. Nikishalipa hayo yote, duka linabaki na nini?"

Nilitafuta jibu, nikakosa, nikaomba maji. Utaratibu ule ni mzuri, lakini aliyeuandika alikuwa anamfikiria mwagizaji mwenye kontena bandarini. Hakumfikiria mama wa Segerea mwenye viroba vitatu. Mlango mkubwa upo, mdogo haupo, na asiyepita kwenye mlango mkubwa anapita korongoni usiku. Huyu angalau alimtuma mtu kabla ya magharibi.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, Waziri wa Fedha wa nyumba hii. Wasomaji wa safu hii mnamjua, hapitishi hoja bila maswali ya nyongeza. Hakusema neno. Alivuta droo ya kabati la vyombo: flajili zilizobaki za mwaka juzi, septrini za mjukuu, dawa mseto nusu dozi, chupa ya kikohozi iliyoganda mdomoni.

"Na hizi huwa zinakwenda wapi?" nikauliza.

"Chooni. Ulitaka nizipeleke wapi, Ikulu?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata miguu. Chooni ni wapi? Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaunganishwa na bomba la majitaka. Choo ni shimo. Shimo likijaa, mwenye uwezo anaita gari la kunyonya, mzigo unakwenda kwenye mabwawa ya Vingunguti. Mabwawa yale yalichimbwa kwa ajili ya kinyesi. Hakuna aliyeyaandaa kupambana na dawa kama sipro. Asiye na uwezo anangoja masika, mvua ikishika anatapisha choo, na mzigo unateremka kwenye korongo lilelile. Tajiri na maskini wanakutana Msimbazi. Ni umoja wa kitaifa wa aina yake.

Na msidhani kwamba aliyemeza dozi yake kwa uaminifu amejitoa katika kesi. Mwili hauli dawa yote. Amoksilini, zaidi ya nusu hutoka kwa mkojo ikiwa bado dawa. Metformin, ile ya kisukari inayomezwa na wazee wenzangu kila baada ya chai isiyo na sukari, mwili hauivunji kabisa, hutoka ilivyoingia. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mito 258 katika nchi 104, sehemu 1,052 kwa jumla. Metformin ilikuwemo katika zaidi ya nusu ya sehemu hizo. Miji iliyoongoza kwa uchafu wa dawa ilikuwa Lahore, La Paz na jirani yetu Addis Ababa. Mito iliyoongoza ni ya nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa sababu iliyo wazi: dawa tumeziruhusu zifike kila mtaa, mabomba ya majitaka tukayaacha mjini.

Jumatano nikalipeleka shauri kwenye kijiwe cha kahawa. Wakili wa kijiwe, yule aliyeishia darasa la saba na hajawahi kushindwa kesi, akaniambia natia chumvi. Mto mkubwa, vidonge vichache, vitafanya nini?

Nikamuuliza kama anakumbuka diklofenaki, dawa ya mgongo anayoibugia kila Ijumaa. India na Pakistani waliwapa ng'ombe dawa hiyo. Ng'ombe wakafa na dawa mwilini, tai wakala mizoga, figo zao zikafa. Katika miaka michache tai wa aina tatu walipukutika kwa zaidi ya asilimia 90, mpaka mwaka 2006 serikali zikapiga marufuku kuitumia kwa mifugo. Nikamweleza pia habari ya ziwa moja dogo Kanada, ambako kuanzia 2001 wanasayansi walitia kwa makusudi homoni iliyomo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kiasi kidogo mno ambacho ulimi hauwezi kukihisi. Samaki dume wakaanza kuwa na mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani. Wakili alinyamaza. Halafu akauliza kama sato wa feri ni salama. Nikamwambia sato ni wa ziwani, aulizie kibua.

Sasa twende kwa jirani yangu Baba Nasra, mwenye kisima. Kisima chake kiko chini ya korongo, na tangu mgawo wa maji ulipotukalia anauza ndoo shilingi mia mbili. Nilimpelekea habari za viroba kama jirani mwema. Akanijibu kwa kiburi cha mwenye pampu: "Mzee Shubiri, maji yangu yamepimwa." Kweli yamepimwa: chumvi. Hakuna aliyepima amoksilini, kwa sababu hakuna aliyetumwa kuipima. Kenya walipima. Katika mito na visima vya Nairobi na Kisumu watafiti walikuta viuavijasumu pamoja na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na visima hivyo havikuwa na bango la hospitali. Vilikuwa jirani na vyoo vya shimo, kama cha Baba Nasra, kama cha kwangu.

Isitoshe, Baba Nasra ana banda la kuku wa kisasa. Kuku wake hawajui maji matupu, wanakunywa kiuavijasumu cha OTC tangu vifaranga. Anaita kinga. Kinyesi chao kinafungwa kwenye viroba, kinauzwa kwa vijana wanaolima mchicha bondeni, mchicha unapanda sokoni, nami naununua fungu nikijipongeza kwamba nakula mboga za majani. Uganda, mwaka 2023, mamlaka yao ya dawa ilikiri bungeni kwamba wapo wafugaji wanaowapa nguruwe na kuku dawa za kufubaza virusi. Tuliwacheka. Tucheke taratibu.

Vimelea vinavyooga dawa kidogo kidogo kila siku vinaizoea. Serikali imelipa jambo hili jina zuri, UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kila Novemba lina wiki yake yenye fulana. Duniani, mwaka 2019 peke yake, usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu takriban milioni 1.27. Lakini kwenye fulana hizo tunaambiwa tu "maliza dozi". Naam, tunamaliza. Mto nao unamaliza yake, kila siku, bila kuandikiwa na daktari.

Msiniambie kuirudisha dawa kwa muuzaji haiwezekani. Tarehe 1 Juni 2019 nchi hii iliamka bila mifuko ya rambo. Watu walisema tutabebea nini nyanya; tukabeba. Na kabla ya hapo, majirani zetu wa Tabata, mwaka 1988, walilipeleka Jiji Mahakama Kuu kwa ajili ya dampo lililokuwa likiwafukiza, wakashinda. Jiji liliporudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira akalikatalia. Wale walikuwa wakazi wa kawaida, walikuwa na kikohozi na wakili. Sisi wa Segerea tuna simu janja na kundi la mtaa lenye ujumbe mia tano kwa siku, mia nne za kuuza viwanja.

Soda ya chupa, hata mtoto wa darasa la pili anajua, huondoki nayo dukani bila kuacha chupa au hela ya chupa. Ndiyo maana huwezi kuokota chupa nzima ya soda korongoni, imeshawahiwa. Basi duka la dawa liwekewe sanduku lenye kufuli. Vilivyobaki virudi humo. Gari la msambazaji linalokuja kila wiki likiwa limejaa na kuondoka tupu liondoke navyo, na bili ya kuteketeza imfuate aliyeingiza mzigo nchini, ambaye faida yake haijawahi kupita korongoni. Ufaransa na Uswidi mtu anarudisha vidonge duka la dawa na hakuna anayemshangaa. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: mwaka 2024 umepitisha sheria ya kuwabebesha watengenezaji wa dawa na vipodozi angalau asilimia 80 ya gharama za kuyaondoa mabaki ya bidhaa zao kwenye majitaka. Wenzetu wanamtumia bili mwenye kiwanda. Sisi tunamtumia Msimbazi.

Najua barua zitakazokuja. Ofisi moja itasema suala liko kwenye mchakato, ya pili itasema si la kwake ni la ile ya kwanza, na ya tatu itanialika kwenye warsha ya wadau. Nakubali mwaliko, kwa sharti moja: warsha ifanyikie Segerea, na maji ya washiriki yachotwe kwa Baba Nasra. Ndoo ya kwanza nalipa mimi.