Si uchawi, ni presha ya macho!

Leo panda basi twende wote Sumbawanga, juu kule kwenye uwanda wa Ufipa, kwenye baridi, mahindi na maharage. Jina la mji huo, wenyeji husema, maana yake ni "tupa uchawi". Haya, basi na tuutupe kweli, maana upo ugonjwa wa macho ambao ukimkumba mtu, majirani hawakawii kunong'ona: "Huyo karogwa!"

Ugonjwa wenyewe ni glakoma, ambao wengi tunauita presha ya macho. Usiuchanganye na presha ya damu, wala na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho unafanyiwa operesheni, unaona tena. Glakoma ikishakula imekula, hata uende India.

UNAKUJA KIMYAKIMYA

Tuchukue mfano wa baba wa miaka 55 pale Laela. Jicho halimwumi, halina wekundu, hela zake anahesabu vizuri tu. Lakini siku hizi anagonga miimo ya milango kwa bega, na baiskeli inayotokea ubavuni haioni mpaka imfikie. Watu wanacheka, ati pombe! Kumbe giza limeanzia pembeni, linasogea katikati taratibu, na kwa vile jicho moja linamfichia mwenzake aibu, mwenyewe hana habari.

Nyuma ya jicho upo mshipa wa fahamu wenye nyuzi kama milioni moja, unaopeleka picha kwenye ubongo. Maji ya ndani ya jicho yasipotoka vizuri, presha inapanda na nyuzi zinakufa. Wapo pia ambao presha yao inapimwa na kuonekana ya kawaida, huku mshipa unakufa vilevile. Ndiyo maana kupima presha peke yake hakutoshi, lazima mshipa wenyewe utazamwe.

MSHIPA HAUDANGANYI

Daktari hummulika mgonjwa ndani ya mboni kwa kifaa alichobuni Mjerumani Hermann von Helmholtz karibu miaka 175 iliyopita. Anachokiona ni kiduara, na katikati yake kishimo mfano wa kikombe. Kwa kawaida kikombe ni kidogo na ukingo wake mnene. Glakoma ikiingia, kikombe kinapanuka na ukingo unaliwa.

Sasa sikia mambo! Pale ukingo ulipoliwa ndipo panapoeleza giza liko wapi, ila kwa kugeuza. Ukiliwa chini, mtu haoni juu. Ukiliwa juu, haoni chini, anajikwaa. Sababu ni kwamba picha huingia jichoni juu chini.

Tangu mwaka 1991, wataalamu wa Marekani walipoitangaza, ipo pia mashine iitwayo OCT. Haina sindano wala maumivu, inatumia mwanga tu kupima unene wa tabaka la nyuzi hizo, ambalo kwa mtu mzima mwenye afya ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Faida yake? Mwaka 2000 Profesa Harry Quigley wa Marekani na wenzake walionyesha kuwa kati ya seli 100 za mshipa huo, 25 hadi 35 zinaweza kuwa zimekwishakufa ndipo kipimo cha kuona kinashtuka. Yaani mshipa unalia mapema, mwenye jicho bado anajiona mzima!

Usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Quigley huyohuyo alikuwa katika kundi lililochunguza vijiji vya Kongwa, Dodoma, mwaka 1996. Kati ya watu zaidi ya 3,200 wa miaka 40 na kuendelea, kama wanne katika kila 100 walikuwa na glakoma. Na kule Nakuru, Kenya, mwaka 2013, mshipa ulipigwa picha kwa simu ya mkononi iliyofungwa kifaa kidogo, na picha zikakaribiana na za kamera kubwa ya hospitali.

DAWA IPO, LAKINI...

Kilichokufa hakifufuki, kilichobaki ndicho kinacholindwa. Yapo matone ya kila siku, ipo operesheni, na ipo leza. Utafiti wa KCMC Moshi uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa macho 61 katika kila 100, matone 31 tu. Si ajabu, matone yanataka hela na kukumbuka kila siku.

Ubaya wa kusema "karogwa" ni huu: glakoma inatembea kwenye ukoo. Baba wa Laela akipelekwa kwa mganga, ndugu zake wa tumbo moja wanabaki kumtafuta mchawi, huku mishipa yao inaliwa. Akienda hospitali, daktari atauliza, "Ndugu zako wako wapi?" Hapo ukoo mzima umepona.

Basi msomaji wangu, kama umefika miaka 40, au mzazi au ndugu yako alipofuka hivihivi, usingoje kugonga milango. Ukifika kliniki ya macho usiishie kuomba miwani. Sema: "Daktari, naomba unitazame na mshipa wa jicho." Ukiambiwa uende Mbeya, ni zaidi ya kilomita 300, nauli inauma. Lakini hakuna basi la kukurudisha kutoka gizani.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.