Gereji nayo ni darasa
Mwandishi, kwenye makala yako ya kujifunza nje ya darasa umegusa penyewe, ila umeisahau gereji ya mtaani. Kijana anaanza kwa kuosha vipuri na kumshikia fundi tochi. Baadaye utamkuta anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja huku injini inanguruma. Mlio usipobadilika, anakwambia plagi hiyo ndiyo mbovu. Hakuna aliyemwandikia ubaoni. Shida inakuja akiomba kazi kwenye kampuni: cheti kiko wapi? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa namna hii. Fundi anapimwa kwa vitendo, anaongezewa pale palipopungua, kisha anapewa cheti. Mafundi wengi ninaowafahamu hawajawahi kuusikia. Makala ijayo iwaeleze waanzie wapi, tafadhali.