Nukta na Mistari ni Silaha ya Askari

Wapo askari wanaodhani kwamba hisabati iliishia darasani. Sisi hatukubaliani nao. Grafu si mchoro wa bei zinazopanda na kushuka tu. Ipo pia grafu ya nukta na mistari, ambamo nukta ni miji na mistari ni barabara. Mwaka 1736 Leonhard Euler alithibitisha kwamba haiwezekani kuyapita madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu. Hakuhitaji kutembea, alihesabu njia zinazokutana katika kila nukta.

Na tuchore ya kwetu. Buwenge ni nukta katika mstari wa Jinja na Kamuli. Barabara kuu ya Jinja kwenda Mbale hupita Iganga, kisha hugawanyika: moja kwa Tirinyi, nyingine kwa Tororo. Mafuriko yakikata Tirinyi, Tororo ipo. Lakini Iganga ikizibwa, barabara kuu zote mbili hazitufai. Pale Jinja, magari yalivuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls tangu 1954, hadi daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2018.

Kwa hiyo kila kambi na kila kituo cha polisi kichore grafu ya eneo lake, kitambue nukta isiyo na mbadala, na kuilinda kwanza. Askari asiyeijua atachelewa, na gharama ya kuchelewa kwake atailipa mwananchi anayengoja kuokolewa.