Mmekariri mechi 82 za wenzenu. Ya kwenu ni lini?

Najua nimepotea sana hapa, msinilaumu. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, wiki nane za vumbi la chaki, halafu nikapitia nyumbani Madimba kumsalimia mama. Nimerudi chuoni na hasira zangu, na leo nazitua hapa hapa. Atakayekasirika anikaribishe chai pale vimbwetani, tugombane tukiwa tumeshiba.

Kisa chenyewe ni hiki. Juzi jioni nimewakuta washkaji wa mwaka wa tatu wamezunguka kimbweta wanabishana kuhusu NBA. Kuna mmoja simtaji jina, lakini alivyokuwa anashusha ratiba ungedhani ameipanga yeye: nani anacheza na nani Jumanne, nani yuko safarini, nani anacheza usiku wa pili mfululizo. Aliponiona akaanza uchokozi wake. "We dada, hebu tutajie timu tano tu za Magharibi tuone kama kweli unafuatilia." Kwa hiyo msichana akikaa karibu na wanaoongelea kikapu lazima apewe kwizi! Nikamtajia nane. Nikamwongezea kwamba Oklahoma City Thunder msimu wa 2024-25 walishinda mechi 68 wakapoteza 14, na Cleveland Cavaliers kule Mashariki walishinda 64. Wakacheka, wakanipisha nafasi nikae.

Nikakaa. Nikauliza swali moja tu: "Na hapa Mtwara, mechi inayofuata ya kikapu ni lini, wapi, nani na nani?"

Kimya. Yaani kile kimya cha mhadhiri akiuliza nani amesoma.

Kabla hamjasema najifanya mtakatifu, naomba nikiri kwanza. Na mimi ni mgonjwa wa ratiba hiyo hiyo. Timu 30, kila moja mechi 82, nusu nyumbani nusu ugenini. Piga hesabu utapata mechi 1,230 kabla hata ya mtoano. Msimu unaanza Oktoba, mwezi ambao kwetu watu wako chini ya mikorosho wanaokota. Fainali zinakuja Juni, wakati wazee wanapuliza salfa. Mimi nakua najua msimu wa korosho kwa mama na msimu wa NBA kwa simu. Mchezo wa saba wa fainali ya 2025, Thunder na Indiana Pacers, kwetu ulianza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 23 Juni. Niliamka. Nilitumia bando la kuombaomba, nikaona Thunder wanachukua ubingwa, asubuhi nikaingia kipindini macho kama ndimu. Kwa hiyo ninapowasema ninyi, najisema na mimi.

Sasa sikilizeni kilichonitoa usingizini safari hii.

Nina mdogo wangu, yuko kidato cha pili. Mlango wa jikoni kwetu siku hizi anaingia ameinama, na bado anakua. Kikapu amejifunza kwa kuangalia simu yangu nikiwa likizo. Siku hiyo tuko uani, mama anapepeta, dogo ananisikiliza nikimwelezea Shai Gilgeous-Alexander anavyobadili mwendo. Akaniacha nimalize, akauliza, "Dada, na sisi tunacheza lini?"

Nikamjibu kama mtu mzima mpumbavu: "Mkipata uwanja."

Akasema, "Sijauliza wapi. Nimeuliza lini."

Wadau, nimesoma saikolojia ya elimu, nimesoma misingi ya ufundishaji, nimeandika maandalio ya somo mpaka vidole vinauma. Swali lile sikuwa na jibu lake.

Nimelifikiria tangu siku hiyo na hoja yangu ni hii: kitu cha kwanza tunachokosa ni tarehe. Uwanja, viatu na hata urefu vinafuata nyuma. Tunafikiri timu bora za NBA ni bora kwa sababu ya fedha na misuli. Fedha wanazo, sikatai. Lakini watazameni hao hao Thunder. Msimu wa 2020-21 walipoteza mechi 50 kati ya 72. Msimu uliofuata wakapoteza 58 kati ya 82. Tarehe 2 Desemba 2021 Memphis Grizzlies waliwafunga 152 kwa 79, tofauti ya pointi 73, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya NBA. Kwetu timu ikipigwa hivyo inavunjwa usiku ule ule na kocha anarogwa. Wao, siku chache baadaye walikuwa uwanjani tena, kwa sababu ratiba ilikuwa imeandikwa kabla ya kipigo na haikumuuliza mtu kama bado anaona aibu. Msimu wa 2022-23 wakashinda 40. Uliofuata wakashinda 57. Uliofuata 68 na kombe. Hiyo ndiyo kazi ya ratiba. Inakupa ruhusa ya kushindwa leo kwa sababu keshokutwa ipo.

Sasa turudi kwetu. Mtaniambia, "Dada, mbona UMISSETA ipo, na kikapu kimo?" Ipo, tena nchi nzima imekuja hapa hapa Mtwara kwa mashindano hayo, 2019 na tena 2021. Siyabezi, yametoa watu. Lakini mashindano ni jambo moja na msimu ni jambo jingine. Shule nyingi timu inakusanywa wiki chache kabla, inacheza, ikitolewa imetolewa. Mtoto aliyekosa mtupo wake wa mwisho anasubiri mwaka mzima kuurudia, na mwaka ujao huenda ameshamaliza shule au ameshaolewa. Huyo tumempima, hatujamfundisha. Sisi watu wa elimu tunajua tofauti ya mtihani na somo. Hakuna mwalimu anayetunga mtihani bila kufundisha kisha akajisifu.

Halafu kuna lile la Hasheem Thabeet, ambalo linanikera kuliko yote. Kila mjadala wa kikapu lazima atokee bingwa wa kumcheka. Haya, tumkumbuke vizuri. Mtoto wa Dar es Salaam, alikuwa ameshafika sekondari ndipo akaanza kukishika kikapu. Mwaka 2009 Memphis wakamchagua wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wakisubiri kuingia NBA. James Harden alichaguliwa wa tatu. Stephen Curry wa saba. Hasheem akacheza kwenye timu nne, mpaka 2014. Mnasema alishindwa. Curry baba yake alicheza NBA misimu 16, kwa hiyo mtoto amekua ndani ya ratiba tangu anatambaa. Wa kwetu ule mchezo wenyewe aliuanza akiwa mkubwa, akaenda kushindana na watu ambao hawajawahi kuishi mwaka bila msimu. Mimi nashangaa alivyofika, ninyi mnashangaa alivyotoka.

Na msiniambie Afrika haiwezi. Ligi ya Afrika, BAL, ilianza Kigali 2021. Ubingwa ulianza kwa Zamalek ya Misri, ukaenda US Monastir ya Tunisia, Al Ahly ya Misri, Petro de Luanda ya Angola, na 2025 Al Ahli Tripoli ya Libya. Katika misimu hiyo mitano, Rwanda walikuwemo kila mwaka. Sudan Kusini waliingia, Kongo waliingia, Uganda waliingia, Burundi waliingia, Kenya waliingia 2025. Na jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, ambao sisi wa Madimba tunasikilizana lugha na kuuziana samaki? Msumbiji walipeleka Ferroviário de Maputo 2021 na Ferroviário da Beira 2023. Tanzania tulikuwa wapi? Tulikuwa macho saa tisa usiku tukiangalia Lakers! Mpaka mwishoni mwa 2025 Dar City walipofuzu kwa msimu wa 2026 ndipo tukapumua, na nawapongeza kwa mikono miwili. Ila mniambie ukweli: wangapi pale kimbwetani walizijua mechi zile za kufuzu siku zinachezwa? Zilichezwa Afrika Mashariki, saa za watu walio macho, hakuna haja ya kuweka alamu.

Tukishuka huku kusini ndiyo usiseme. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa kijijini kwetu, kiwanda kilizinduliwa 2015, na bomba lake linakwenda mpaka Dar es Salaam. Gesi imejua njia ya kwenda. Kikapu kinakaa huko huko Dar, kina ligi yake na timu zake, na njia ya kuja huku hakijaijua.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote. La kwanza: hakuna goli. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikuwa shule moja ya kata, siitaji. Ina milingoti miwili ya mpira wa pete. Mimi nilikuwa mfungaji wa pete tangu shule ya msingi, kwa hiyo nikawa na wasiwasi fulani, nikaazima tepu ya fundi nikapima. Wadau, ringi ya pete kikanuni iko juu mita 3.05. Ringi ya NBA iko juu mita 3.05. Ni ile ile! Ile ya shule ilipungua kidogo tu kwa sababu mlingoti umezama mchangani. Ringi ya pete ni nyembamba zaidi, kama sentimita 38 kwa 45, lakini mpira wa kikapu unapita, na anayezoea tundu jembamba akikutana na lile pana atacheka. Kinachokosekana ni ubao, na fundi seremala yupo kila kijiji. Maana yake wale wasichana ambao mnawapa kwizi wamekuwa wakitupa kwenye urefu wa NBA miaka yote, bila ubao wa kuegemea.

La pili: hakuna muda. Kwenye ratiba ya ile shule kipindi cha michezo kimeandikwa mara mbili kwa wiki. Unajua kinachofanyika? Kufyeka. Na mwalimu aliyesimama na daftari kuhesabu nani hajaja na fyekeo ni mimi. Wiki nane. Nilimaliza vipindi vyangu, nikakaguliwa, nikapata alama nzuri, nikaondoka nikisema shule haina mtu wa michezo. Mtu wa michezo alikuwa amesimama pale na tepu mkononi.

La tatu: hakuna nauli ya kupeleka timu shule nyingine. Usipeleke. Shule ina kidato cha kwanza mpaka cha nne, hizo ni timu nne. Kila timu ikutane na nyingine mara mbili, zinakuwa mechi 12. Mbili kwa wiki, wiki sita umemaliza msimu, na wiki mbili za kukaguliwa na kuagana zinabaki. Kidato cha kwanza watapigwa, ndiyo, ila watapigwa mara sita na kila mara watajua ya pili ni lini. Wavulana wao na wasichana wao. Karatasi moja ya manila ukutani, kalamu ya wino mzito, msimamo unaandikwa kila Ijumaa. Bumu likitoka tukichanga wachache tunanunua mpira. Hela ya bando la fainali tu ingetosha kuanzia.

Mimi nimeshaanza, msidhani napiga domo. Kabla sijaondoka Madimba nilikaa na dogo tukachana karatasi ya katikati ya daftari, tukapanga timu nne za vijana wa pale, Jumatano na Jumamosi, kwa ruhusa ya mwalimu mwenye milingoti. Timu yake wameiita Thunder, sikumshawishi. Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi iliyopita. Jioni nikaona meseji yake:

"Dada tumefungwa 31-9. Jumatano tunarudi."

Mwezi ujao kundi letu linapangiwa tena shule za kufundishia. Kabla ya kuuliza kama kuna umeme na nyumba ya kupanga, uliza milingoti iko wapi. Na pale kimbwetani nitakuja na swali lile lile.

Naomba kuwasilisha.