Kuhamisha Programu si Kubadili Maneno

Wako wanaodhani kwamba kuhamisha programu ya kompyuta kutoka lugha moja hadi nyingine ni kazi ya kubadili maneno tu, mradi kila amri ipate mwenzake. Dhana hiyo haifai kuachwa ienee shuleni, kwani amri mbili zaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kwa maana.

Mfano ulio wazi ni kugawanya kwa namba kamili. Katika lugha ya C, -7 ikigawanywa kwa 3, jibu ni -2 na baki -1. Katika Python, jibu ni -3 na baki 2. Majibu yote mawili ni halali kihesabu, lakini matokeo yake si mamoja. Siku za juma zikipewa namba, Jumamosi 0 hadi Ijumaa 6, basi siku iliyotangulia Jumanne kwa siku tano hupatikana kwa kutoa 5 katika 3 na kutafuta baki la kugawanya kwa 7. Python hutoa 5, yaani Alhamisi. C hutoa -2, na siku hiyo haipo. Alama ya baki ni ile ile katika lugha zote mbili.

Katika fedha jambo hili ni zito zaidi. COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959 kwa kazi za biashara na ambayo ingali inatumika katika mabenki, huweza kutunza shilingi na senti katika desimali kama aandikavyo mhasibu. Namba za desimali za kawaida katika C na Python hutunzwa kwa msingi wa mbili, na humo 0.1 haiandikiki kwa ukamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kwa ukamilifu katika desimali. Ndiyo maana Python ikijumlisha 0.1 na 0.2 huonyesha 0.30000000000000004. Tofauti hiyo ni ndogo, ila ikirudiwa mara nyingi yaweza kuharibu salio, na atakayeumia ni mwenye akiba.

Siku hizi zipo programu, zikiwamo za akili bandia, ziwezazo kufasiri maelfu ya mistari kwa muda mfupi. Si vibaya kuzitumia, lakini wepesi wa kufasiri si ushahidi wa usahihi. Hapana budi programu ya zamani na mpya zipewe takwimu zile zile, zikiwamo sifuri, namba hasi na senti, kabla ya ile ya zamani kustaafishwa. Majibu yakitofautiana, sababu itafutwe; huenda kosa likawa katika ile ya zamani.

Yafaa walimu waanze zoezi hili mapema, hata kwa chaki na ubao pale pasipo na kompyuta. Mwanafunzi apewe alama kwa mifano aliyochagua kujaribia programu yake, wala si kwa wingi wa mistari aliyoifasiri.